Mume ameshaleta mawe, shemeji ndiye fundi: jiko la uani nilijengeje?

Shikamoo Bibi wa Uani,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya marehemu baba mkwe. Uani kwetu si padogo. Ukitoa choo na kisima inabaki kama hatua 8 kwa 6, na napika hapo hapo, mwaka wa 17 huu. Nina mafiga matatu, seredani mbili na jiko la gesi la plet moja.

Asubuhi nakaanga maandazi na bajia za kuuza. Ijumaa na Jumapili napata oda za pilau, kilo 5 za mchele, mara nyingine 10. Ramadhani watu hunifuata kwa mikate ya mofa, ambayo kwa sasa naipika kwenye tanuri la jirani, na jirani mwenyewe ameshaanza kununa.

Mwezi uliopita nilipokea mchezo, nikasema safari hii sinunui kabati, najenga jiko. Nimetenga laki 6. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Baba watoto alifurahi kuliko mimi. Kabla sijasema nataka la namna gani, akaleta tripu nzima ya mawe, yale ya matumbawe ya nyumba ya zamani iliyobomolewa, na mifuko 3 ya saruji. Fundi ni mdogo wake. Shemeji anataka kuta za futi 1 na nusu, saruji tupu, mdomo mpana hata gogo liingie, na nondo juu za kutelekea sufuria. Anasema ukuta mnene ndio unaoshika moto. Dohani haitaki kabisa: “Uko nje, shemeji, moshi utapotelea wapi zaidi ya angani?”

Wakati huo huo mwanangu wa kwa dada, anayesomea udaktari Urusi, kanitumia picha za jiko lililoko nyuma ya nyumba ya mwalimu wake. La matofali mekundu, refu kama kaunta ya duka. Lina shimo la sufuria kubwa la duara, pembeni pa kuchomea nyama, pembeni tena tanuri la mkate, na dohani ndefu. Anasema matofali yake hubaki na moto mpaka kesho yake. Nimelipenda mpaka nimeliota. Shemeji alipoona picha akacheka, akasema hilo la kupigia picha tu.

Mama mkwe tunakaa naye. Ana kikohozi, na macho yanamtoka machozi kila nikiwasha kuni, lakini ukimgusia habari ya jiko jipya anasema mafiga hayajamkosea mtu, na wali usiopaliwa makaa juu si wali.

Naomba unisaidie, bibi. Nijenge kwa mawe au kwa matofali? Nijenge moja la kila kitu kama hilo la Urusi? Dohani ya nini mtu akiwa nje? Na lililo zito kuliko yote: nitamwambiaje baba watoto kwamba mawe yake siyataki, naye ameshayalipia na ndugu yake ameshaahidiwa kazi?

Mama wa Wanne,
Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuliruka kabati.

Nianze na mawe, maana hayo yako uani tayari na yanakutazama kila ukitoka na kikombe cha chai. Jiwe la matumbawe ni chokaa ambayo haijachomwa. Wazee wetu walipotaka chokaa walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto. Moto ukiisha jiwe linabaki na sura yake ile ile lakini si jiwe tena. Limwagie maji: linachemka, linavimba, linamomonyoka kuwa unga. Unga huo ndio ulioshikilia kuta za Tongoni hapo kusini mwa mji wako, na za Kaole kule Bagamoyo. Sasa shemeji yako, kwa nia njema kabisa, anataka kukujengea tanuu la chokaa halafu ukaangie maandazi juu yake.

Hesabu yenyewe ni hivi. Jiwe hilo hugeuka likipata joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi, na moyo wa moto wa kuni kavu zenye hewa ya kutosha huweza kufika huko. Halitageuka lote kwa siku moja. Utageuka uso wake unaotazama moto, unene wa ukucha leo, unene wa kidole baadaye. Utaona weupe, utafikiri ni majivu. Kisha ije masika, mvua ipigwe na upepo mpaka ndani ya mdomo wa jiko, uso ule unyonye maji, uvimbe, uanguke. Mimi mwenzio limenikuta. Jiko langu la kwanza lilikuwa la matumbawe na saruji, nene, zuri, watu walikuja kulitazama. Mwaka wa pili, siku ya hitima ya shangazi yangu, kipande kikadondoka ukutani kikaingia kwenye sufuria la wali likiwa wazi, kikaanza kutoa mapovu. Wali wa kilo 8 ukaenda kwa kuku, na kuku wenyewe walifikiri mara mbili.

Usimwambie shemeji maneno haya yote. Mwonyeshe. Chukua kipande cha jiwe hilo, ukubwa wa yai, kikavu kabisa, kwa sababu jiwe lenye maji ndani likipata moto hupasuka kama risasi. Kizike katikati ya makaa ya seredani baada ya kuuza maandazi, upepee, ongeza makaa, mpaka adhuhuri. Kitoe kwa koleo, kiache kipoe, kiweke kwenye kigae, waite wote wawili, watoto wakae mbali, kisha kimwagie maji kidogo ukiwa umesimama kando. Chokaa hiyo iliyotoka motoni huunguza ngozi na macho, kwa hiyo mtu asiguse wala asiinamie. Kikichemka na kubanduka mbele ya macho yao, hutakuwa na haja ya kumshinda mtu kwa mdomo.

Lakini mawe hayo usiyatupe, na wala huna haja ya kumwambia baba watoto kwamba huyataki, kwa sababu unayataka. Utaona mbele yanakwenda wapi.

Tuje kwenye ukuta mnene. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata mafundi wazuri, kwa sababu neno “kushika moto” lina maana mbili. Jiwe na tofali hushika moto kama sponji linavyoshika maji: hunywa. Ukiwasha kuni za kuchemsha chai katikati ya kuta za futi 1 na nusu, nusu saa ya kwanza unaziotesha kuta moto. Chai inasubiri. Ukishaepua, kuta ndiyo kwanza zimepata joto, zinakaa nalo mpaka jioni, halina anayelitumia isipokuwa paka. Kushika moto kwa maana ya kuuzuia usitoroke ni kazi ya kitu chepesi chenye hewa ndani yake: jivu, maganda ya mpunga yaliyochomwa, udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Ndiyo maana sufuria la moto hulishiki kwa kokoto, unalishika kwa kitambaa.

Na hapo ndipo ninapompenda mwanao wa Urusi, kwa sababu alilosema ni kweli, ila ni kweli ya huko. Jiko la Kirusi la ndani ni mlima wa matofali. Huwashwa mara moja au mbili kwa siku, matofali yakanywa moto, kisha yakautema polepole usiku kucha nyumba nzima ipate joto, na juu yake pana mahali pa kulala wazee na watoto. Nje kuna theluji. Sisi Tanga, Februari, nani anataka kulala juu ya jiko? Tunatafuta baraza. Hata lile la nyuma ya nyumba alilopiga picha limejengwa nje kwa sababu kama ya kwetu: wakati wao wa joto hawataki jiko liichemshe nyumba. Na msingi wake lazima uende chini sana, kwa vile ardhi ya kule ikiganda huvimba na kuinua jengo. Wewe huna shida hiyo. Futi 1 ya msingi kwenye ardhi ngumu inakutosha, pesa iliyobaki kanunue matofali.

Jambo moja la picha ile lishike sana: kila kazi ina moto wake. Jiko moja la kila kitu halipo. Pale unaona jengo moja, lakini ndani kuna mioto mitatu isiyojuana. Nawe kwa mapishi yako una mitatu: karai la kila asubuhi, sufuria la pilau, na tanuri la mofa. Samaki na mishikaki ya baba watoto si jiko, ni tandiko la chuma juu ya mawe mawili, na makaa. Asikulie nafasi.

Kwa laki 6 usianze na yote matatu. Wengi wangekwambia anza na la pilau kwa kuwa ndilo linaloonekana. Mimi nasema anza na la karai, kwa sababu unaliwasha kila siku ya Mungu na ndilo linalomliza mama mkwe. Ukijaaliwa chenji, lifuate la pilau kwenye jukwaa hilo hilo. Tanuri lisubiri mchezo mwingine, jirani mpelekee mofa mbili za moto kwa sasa.

Matofali utakayotaka ni ya kuchoma. Yale ya saruji ya kujengea nyumba hayafai mbele ya moto, na saruji ya kuunganishia nayo haifai, hupoteza maji yake ndani ikipata joto kali, ikapasuka na kubaki mchanga. Matofali ya kuchoma ulizia yanayoshuka kutoka upande wa Korogwe na Lushoto. Yapime mwenyewe kabla ya kulipa. Gonganisha mawili: yakilia kama chuma yameiva, yakitoa sauti ya boga hayajaiva. Moja liloweke usiku kucha; asubuhi likikwanguka kwa ukucha, muage muuzaji. Tofali maalumu la tanuru za viwandani ukibahatika kulipata, liweke sakafu ya moto tu, lakini kwa sufuria na karai si lazima.

Kuunganisha ni kwa udongo. Udongo wa kichuguu ndio mtamu wa kazi hii, uchekeche, uchanganye na mchanga wa mtoni, si wa pwani wenye chumvi. Kipimo huanzia udongo 1 kwa mchanga 2 au 3, lakini vichuguu havifanani, kwa hiyo finyanga vitonge vya michanganyo mitatu, vianike kivulini siku kadhaa. Kilichopasuka kina udongo mwingi, kilichomeguka kina mchanga mwingi. Matofali yatoswe majini kabla ya kupangwa yasinyonye maji ya udongo, na kiungo kiwe chembamba, nusu sentimita hivi. Fundi akipaka udongo mnene kama siagi ya mtoto mlafi, mwambie apunguze.

Sasa sikiliza mpangilio, halafu umsomee shemeji. Katikati kabisa panajengwa chumba cha moto kwa tofali la kuchoma, unene wa tofali moja lililosimama kwa ubavu. Nje yake uachwe mwanya wa vidole vinne hadi sita, ujazwe jivu kavu lililochekechwa. Nje ya jivu ndipo yanapopanda mawe ya baba watoto. Futi yake 1 na nusu ataipata, na saruji yake ataitumia, kwenye jukwaa, kwenye mawe ya nje na kwenye lipu. Mawe hayo yakiwa nyuma ya jivu hayafikiwi na joto la kuyageuza chokaa. Kitakachobadilika ni kwamba moto utakwenda kwenye sufuria badala ya kwenda kwenye ukuta. Juu ya jivu pafunikwe tofali na lipu vizuri, maana jivu likinywa maji ya mvua linakuwa tope zito na kazi yake imekwisha.

Mdomo wa gogo, hapana. Mdomo mpana unaingiza hewa baridi nyingi kuliko moto unavyohitaji, na unakutia tamaa ya kusukuma kuni. Kwa jiko la karai, sentimita 12 kwa 12 zinatosha, na kutoka sakafu ya moto mpaka chini ya karai iwe kama sentimita 30 au 35. Kwa sufuria la kilo 10, mdomo wa 20 kwa 20, na kimo cha 45 hadi 50. Umbo la ndani ni kama kiwiko: kuni zinaingia kwa ulalo, moto unapinda na kupanda wima. Namna hii ilienezwa tangu miaka ya 1980 na Larry Winiarski na wenzake wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, na majiko banifu mengi ya Afrika Mashariki yana damu yake. Kuni zilale juu ya kichanja cha chuma, hewa ipite chini yake. Watu huwa wanakiacha kichanja kwa kuona ni urembo, halafu wanapuliza mpaka mashavu yanauma.

Sufuria lenyewe lisikae juu ya nondo likipigwa na upepo. Lizame ndani ya jiko, theluthi mbili ya kimo chake, na kati ya ubavu wa sufuria na ukuta ubaki mwanya wa kidole kimoja kinene, sentimita 2 au 2 na nusu, moto upande ukilipapasa. Kwa hiyo siku ya kujenga sufuria liwepo uani, fundi alizungushie tofali. Asikisie kwa macho. Na jukwaa la jiko la pilau liwe la chini kabisa, kozi moja ya jiwe, kwa sababu utasimama na mwiko ukigeuza kilo 10. Ukingo wa sufuria ukipita kiuno chako, kiuno chako wewe, si cha shemeji, mabega yatakusema usiku. La karai ndilo lipandishwe mpaka juu ya goti.

Mama mkwe ana haki kuhusu makaa. Wali na pilau ya kwetu bila kupalia haikamiliki, na majiko mengi ya kisasa yana kasoro hiyo: yanavuta hewa kwa nguvu mpaka kuni zinaisha jivu tupu, huna kaa la kuweka juu ya sinia. Dawa yake ni mbili. Dohani iwe na kizibo cha bati cha kuingiza na kuchomoa, pilau ikianza kukauka unakisukuma nusu, moto unalegea na makaa yanabaki. Usikizibe chote wakati makaa yanawaka, hewa yake ina sumu isiyo na harufu. Na chini ya kichanja pawe na mlango wa jivu unaopitisha koleo na kibeleshi kidogo, uyachote. Kuni za mvinje hukupa makaa mazuri, vifuu vya nazi hukupa moto mkali wa karai kwa haraka. Makumbi ni ya kuwashia tu, usiyategemee, yana moshi kuliko faida.

Dohani basi. Shemeji anasema moshi uko nje. Moshi uko nje, lakini pua ya mpishi nayo iko nje, futi mbili kutoka mdomoni mwa jiko, na kitanda cha mama mkwe nadhani dirisha lake linatazama uani. Jenga dohani, tena kila jiko na yake, ukiunganisha mawili lile lisilowashwa litaiba mvuto wa lenzake. Upana wa ndani inchi 4 kwa la karai, 6 kwa la pilau. Ipite juu ya paa kwa futi 2 au 3. Bomba la bati kwa chumvi ya bahari ya Tanga halidumu, kwa hiyo nyanyua kwa tofali kadiri pesa inavyoruhusu, kipande cha juu tu kiwe bati utakachobadilisha. Mabomba ya zamani ya asbesto yanayookotwa kwenye majengo yaliyobomolewa usiyaguse, vumbi lake ni ugonjwa wa mapafu. Na pale dohani inapopinda, tofali moja liwekwe bila udongo, ulichomoe kila mwezi ukombe masizi.

Hukuniambia juu pana nini. Kama ni makuti, au shemeji ana wazo la banda la makuti kwa kuwa ni la ubaridi, hapo hakuna mjadala: juu ya jiko na kuizunguka dohani ni mabati.

Upande wa kuelekeza mdomo nao unahesabiwa. Pepo za kusi na kaskazi zote kwako zinatoka upande wa baharini kwa njia zake, na upepo wa bahari wa alasiri ndio kabisa. Mgongo wa jiko utazame bahari, mdomo utazame bara. Mawe yatakayobaki panda nayo kiambaza cha kifuani nyuma ya jiko, kikukinge. Upepo wa umande wa alfajiri utakuja kutoka bara, lakini ni mpole, na maandazi ya alfajiri hayajawahi kuuogopa.

Kuhusu tanuri la mofa nitasema machache, maana hilo ni la baadaye. Pale ndipo uzito unapokuwa na faida, na ndipo Mrusi anapokuwa na haki. Mkate unataka ukuta ulionywa moto ukautema taratibu, kwa hiyo udongo wa tanuri uwe mnene, kiganja kizima, na jivu nje yake. Ukitaka kujua limeiva rusha unga kidogo ukutani. Ukigeuka kahawia polepole, piga mikate. Ukiwa mweusi papo hapo, ngoja.

Kuna atakayesoma haya aulize kwa nini namfundisha mtu kuni wakati serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Gesi yako usiiuze. Chai, uji, mchuzi wa watu saba, pikia gesi, na ukiweza ongeza plet ya pili. Jiko la kuni libaki na karai la biashara, na pilau.

Sasa la nyumbani. Usimkalishe baba watoto ukamwambia kakosea. Alileta mawe kwa furaha, na mwanamume anayefurahia jiko la mkewe si wa kuvunjwa moyo. Fanya jaribio la seredani kwanza, mwache ashangae. Kisha umwambie, “Mawe yako yabebe jiko, moto tuutafutie matofali.” Tripu ile itaishia kwenye jukwaa, kuta za nje na kiambaza, na huenda hata isitoshe. Saruji mifuko 3 itakwenda hapo hapo. Shemeji mpe mpangilio huu kama mtu anayemwomba ushauri, akuhesabie matofali yeye. Fundi akishahesabu kitu kwa mdomo wake kinakuwa chake. Ila siku ya kupima mdomo wa moto simama naye na rula, kwa adabu, kwa sababu mkono wake utataka kuongeza.

Msijenge masika. Jiko likiisha liache likauke kivulini wiki 2 au 3, usilipeleke mbio kwa hamu. Halafu siku ya kwanza washa karatasi na vijiti, robo saa, uache lipoe. Siku ya pili nusu saa. Ongeza hivyo hivyo, maji yaliyomo kwenye udongo yatoke bila kuupasua. Ukiona mvuke unatoka ukutani, punguza. Nyufa nyembamba kama uzi zitatokea, zipake udongo, ni kawaida. Siku ya saba teleka chai, mama mkwe anywe wa kwanza. Pilau isubiri Ijumaa.

Bibi wa Uani